Mahamri, mbaazi na viti vya Kongresi: kwa Mwalimu, Kibokoni

Mkahawa huu hauna kibao mlangoni. Ukiuliza jina utaambiwa "kwa Mwalimu", na ukiuliza Mwalimu gani utaonyeshwa kidole tu. Uko Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, kichochoroni, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Tuktuk itakushusha barabarani, zilizobaki utamaliza kwa miguu. Ndani mna meza chache na televisheni ukutani, nje mna kibaraza cha saruji ambacho ni milki ya wazee tangu asubuhi hadi usiku. Wengi huusifu kwa mbaazi, na mbaazi ni nzuri, nitazifikia. Mimi nausifu kwa jambo jingine: sijapata pahali pengine Mombasa pa kufuatilia uchaguzi wa katikati ya muhula wa Marekani, ule unaokuja miaka miwili baada ya wa rais, ukiwa umekaa, umekula, na umezungukwa na watu wanaojua wanachobishania.

Na kwa kuwa Jumanne tarehe 3 Novemba 2026 Wamarekani wanarudi vituoni, Trump akiwa Ikulu na chama chake cha Warepublikani kikiongoza mabaraza yote mawili ya Kongresi, la Wawakilishi na Seneti, heri niseme mapema kabla viti havijajaa. Viti vya Mwalimu, nakusudia.

Kwanza saa, maana mikahawa mingine yote ya mtaa huu inakosea hapo. Wao hupiga kura Jumanne, lakini kwa saa zetu hesabu ni ya Jumatano alfajiri. Mwezi wa Novemba sisi tuko mbele ya Washington kwa saa nane. Vituo vya Georgia na Virginia vikifungwa jioni yao, hapa ni saa tisa usiku. Pennsylvania hufuata saa kumi. Wisconsin na Arizona ni saa kumi na moja, ambapo alfajiri imeshaadhiniwa na nusu ya wateja wako msikitini, basi unabaki na televisheni peke yako, na hiyo ndiyo nafasi ya kuhamia meza ya mbele. California hufunga saa moja asubuhi, watoto wa shule wakipita na mikoba. Mwalimu, ambaye siku za kawaida hufungua baada ya sala, usiku huo hufungua saa tisa kamili. Mwanamke peke yake vichochoroni saa hizo, sitawadanganya, mimi sijaribu. Huja na kakangu, naye huinamisha kichwa juu ya meza akalala mpaka chai ifike.

Chakula. Mahamri hukandwa na mke wa Mwalimu kwa tui zito na iliki iliyotwangwa siku hiyohiyo. Yanatoka kwenye karai yamevimba, ukilipasua moshi unakupiga usoni, na hayanyonyi mafuta. Shilingi 10 moja. Mbaazi ni shilingi 60 sahani, tui la kwanza limetiwa mwisho na halikukatika, ingawa kuna siku chumvi humponyoka mtu na hapana anayekiri. Viazi karai ni vya kawaida tu. Kinachoviokoa ni chatini ya ukwaju, na hiyo usipoiomba huletewi. Chai ya maziwa tamu kupita kiasi, sema mapema. Sturungi, yaani chai ya rangi, nzuri. Kahawa ya dele, tungu hasa, yenye tangawizi, hupitishwa kwenye vifinjani na mzee mmoja ambaye hakuulizi kama unataka zaidi; ukitaka akome, tikisa kifinjani. Nilimwona mgeni wa bara akinywa kimoja baada ya kingine kwa adabu, akidhani kukataa ni utovu wa heshima, mpaka mikono ikaanza kumtetemeka.

Sasa nije kwenye ubao.

Ukuta wa kushoto pana ubao mweusi wa shule, wa kweli, wenye fremu ya mbao. Mwalimu alifundisha historia kabla ya kustaafu, na ubao huu aliupataje haulizwi. Nusu ya juu ni bei za vyakula. Nusu ya chini, kwa chaki ya njano, ni marais wa Marekani na idadi ya viti ambavyo chama chao kilipoteza katika Baraza la Wawakilishi walipofika katikati ya muhula. Clinton, 1994: 54. Obama, 2010: 63. Trump, 2018: 40. Biden, 2022: 9. Pembeni, kwa chaki nyeupe, miaka mitatu bila maelezo yoyote: 1934, 1998, 2002.

Hiyo mitatu ni mtego. Ukikaa kimya na chai yako atakujia. "Mwanangu, hii miaka ina nini?" Jibu ni kwamba katika miaka mia iliyopita ni mara hizo tu ambapo chama cha rais kiliongeza viti vya Wawakilishi badala ya kupoteza. Lakini hatosheki na hapo, anataka sababu. 1934 ni Roosevelt, nchi iko katika ule mdororo mkubwa wa uchumi na watu wanaona walau kuna mtu anayejaribu. 2002 ni Bush, mwaka mmoja na ushei baada ya Septemba 11. 1998 ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu Clinton wakati huo alikuwa katika kashfa ya uhusiano wake na Monica Lewinsky na kila mtu angetarajia achapwe. Badala yake uchumi ulikuwa mzuri, Warepublikani wakawachosha watu kwa kumwandama, Wademokrati, chama chake, wakaongeza viti 5, na aliyeng'oka ni Spika Gingrich aliyekuwa akiongoza msako. Anayepata yote matatu hunywa kahawa bure. Kijana mmoja wa chuo alipata mawili kisha akamtaja Reagan, alilipa.

Mwalimu ana nadharia yake, na anayekaa pale zaidi ya nusu saa ataisikia: huu uchaguzi ni ripoti fomu ya rais. "Jina lake halimo kwenye karatasi, lakini anayesahihishwa ni yeye." Na ana ushahidi. Mwaka 2006, vita vya Iraq vimewachosha watu, Wademokrati walichukua mabaraza yote mawili, na kesho yake tu Bush akatangaza kwamba Rumsfeld anaondoka wizara ya ulinzi. Kama si rais aliyesahihishwa, anauliza Mwalimu, mbona aliyefukuzwa ni waziri wake?

Huduma hii ya mjadala, nikiipima pekee, ni bora kuliko ya wachambuzi ninaowaona kwenye televisheni zetu. Lakini nadharia yenyewe siinunui yote, na nitasema kwa nini, maana ubao huu unapotosha wateja wapya.

Chukua 2018. Usiku uleule, rais yuleyule, Trump alipoteza viti 40 vya Wawakilishi na akaongeza 2 vya Seneti. Sasa alama ni ipi? Wawakilishi wote 435 huchaguliwa upya kila baada ya miaka miwili, lakini maseneta hupokezana, thuluthi moja kila mara. Mwaka ule, kati ya viti 35 vya Seneti vilivyokuwa vikigombewa, 26 vilikuwa vya Wademokrati na wale wanaokaa upande wao, vingine katika majimbo ambayo Trump alishinda vizuri tu, kama Missouri na North Dakota. Maseneta wa majimbo hayo mawili wakaanguka. Si kwamba Trump alipendwa zaidi na wapiga kura wa Seneti. Kalenda ndiyo iliyompendelea. (Usiku huohuo ndio Ilhan Omar, aliyewahi kuishi utotoni katika kambi ya wakimbizi hapa Kenya, alichaguliwa pamoja na Rashida Tlaib, wanawake wa kwanza Waislamu katika Kongresi. Kibaraza cha Mwalimu bado kinauhesabu kuwa ushindi wake.)

Au chukua huo wa 2022, ambao niliukesha pale. Tulikuwa tumeambiwa wimbi jekundu, yaani la Warepublikani, linakuja. Mwezi wa Juni mfumuko wa bei Marekani ulikuwa umefika asilimia 9.1, Biden hakupendwa, na Warepublikani walikuwa wakigawana vyeo kabla ya kura kuhesabiwa. Kulipopambazuka wimbi halikuonekana. Hesabu ya viti vya Wawakilishi ilipokamilika hatimaye, baharia mstaafu mmoja, ambaye husimulia bandari ya Baltimore kila akipata nafasi, akapiga meza: "Yakhe, Biden kapasi! Tisa tu!" Mkahawa mzima ukakubali, Mwalimu akaandika 9 kwa mkono wa furaha.

Nami nilikuwa nikimtazama tu. Biden hakuwa na vingi vya kupoteza. Obama alipofika 2010, chama chake kilikuwa kimetoka uchaguzi wa 2008 na viti 257, vingi katika maeneo ambayo kwa kawaida si yao. Hivyo ndivyo vilivyoanguka. Chama cha Biden kilitoka uchaguzi wa 2020 na 222 tu, na vilivyobaki vilikuwa ngome. Juu ya hayo, mwezi huohuo wa Juni Mahakama ya Juu ilikuwa imeifuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, na hilo likawatoa majumbani watu ambao wasingejisumbua. Rais hakuhusika na uamuzi ule, ila alama zikaandikwa jina lake.

Na kubwa kuliko yote: hao 9 walimnyima Baraza zima. Warepublikani walifika 222, na wingi katika viti 435 ni 218, basi. Spika akabadilika, ingawa McCarthy ilibidi apigiwe kura mara 15 Januari 2023 kabla hajakabidhiwa rungu. Wenyeviti wote wa kamati wakabadilika. Obama alipoteza 63, Biden 9, na kuanzia Januari iliyofuata wote wawili walikuwa hawawezi kupitisha sheria pale bila ya ruhusa ya wapinzani wao. Trump naye, baada ya 2018, alishtakiwa na Baraza hilohilo Desemba 2019. Nambari inayotakiwa kuwa kubwa kwenye ubao wa Mwalimu ni 218. Haimo kabisa.

Nilimwambia. Nilimsalimu kwanza, shikamoo Mwalimu, nikaomba chaki. Akacheka. "Binti yangu, ubao umejaa. Nifute bei ya nini?" Baharia akajibu toka nje, "Futa supu, haipatikani!" Supu haikufutwa, na 218 haikuandikwa.

Kwa meza ya wanawake, ile ya ndani karibu na jikoni, hoja yangu haikuhitaji chaki. Kulikuwa na mama anayeshona katika kiwanda cha nguo za kuuzwa Marekani. Nguo zile zimekuwa zikiingia bila ushuru kwa sheria ya AGOA, ambayo Kongresi iliipitisha mwaka 2000 na 2015 ikairefusha kwa miaka kumi. Septemba 2025 muda ukaisha bila Kongresi kuurefusha kwa wakati. Mama huyu hana haja na ripoti fomu ya mtu. Anataka kujua nani atakaa kiti cha mwenyekiti katika kamati ya kodi na biashara ya Baraza la Wawakilishi, maana hapo ndipo sheria ya namna hiyo huanzia, na kiti hicho hufuata chama chenye 218. Alinieleza haya huku akimenya yai, bila ya kupandisha sauti, na nikaona kwamba ukitaka kuelewa uchaguzi huu kaa naye kwanza, kisha ndiyo utoke kibarazani.

Hapo hapo kuna redio. Mwaka 2022 Mwalimu alikuwa akizima sauti ya televisheni na kufungulia VOA Kiswahili, redio ya serikali ya Marekani, tukapata matokeo kwa lugha yetu. Machi 2025, kwa amri iliyotoka Ikulu ya Marekani, karibu wafanyakazi wote wa VOA walipewa likizo ya lazima. Redio bado iko juu ya friji. Sasa tunategemea televisheni na Kiingereza chake, na Mwalimu hutafsiri kwa sauti, akitia chumvi pale anapomchukia msemaji. Ni upungufu, na simlaumu yeye.

Lawama halisi za mkahawa ni hizi. Televisheni ni ndogo kwa ile ramani ya majimbo. Ukikaa meza ya nyuma utaona rangi tu. Stima ikipotea hakuna jenereta, tunamalizia kwenye simu zetu kwa bando za kuazimana. Choo kiko uani na taa yake haiwaki, basi beba simu. Kijana wa kuhudumia husahau oda pale mjadala unapomnogea. Nililetewa viazi vya mtu mwingine kwa sababu alikuwa akisubiri matokeo ya Nevada. Kibaraza hakikatazi wanawake kwa maneno, lakini jaribu kukaa uone mazungumzo yanavyohamia kwenye hali ya hewa. Malipo ni taslimu au M-Pesa, deni hakuna, hata kwa baharia.

Jambo jingine la kujua: usitarajie mshindi kabla ya chai kwisha. Mwaka 2022 Seneti ilijulikana Jumamosi, Baraza la Wawakilishi likachukua zaidi ya wiki moja, na Georgia wakarudia kura ya seneta Desemba 6. California hupokea kura za posta na kuzihesabu polepole kiasi ambacho kwetu kingewatoa watu kuandamana barabarani.

Kwetu hakuna mtihani wa katikati. Rais, gavana, seneta, mbunge, wote siku moja, na mwingine ni Agosti 10, 2027. Tunachopata ni chaguzi ndogo, kama zile za Novemba 27, 2025, kule Malava, Mbeere Kaskazini, kiti cha seneta Baringo, na jirani zetu wa Magarini. Siku ile nilipita kwa Mwalimu nikakuta televisheni inasema kwamba Ruto yuko kwenye mizani. Magarini yenyewe, niliowasikia mimi, walikuwa wakisema maji, ardhi na mtu wanayemjua. Mwalimu alitaka kuanzisha safu ya Kenya ubaoni. Wazee wakamkataza, na sababu waliyotoa ni nzuri: viti vile ni vichache na kila kimoja kina kesi yake.

Kuna kitu kimoja tu cha hapa kinachonisaidia kuelewa cha huko. Agosti 2022 karatasi za kura ya gavana wa Mombasa zilichapishwa na makosa, tukapiga kura ya rais tarehe 9 na ya gavana tarehe 29. Tarehe 9 nilipanga foleni mpaka miguu ikavimba. Tarehe 29 niliingia na kutoka. Watu walewale, kituo kilekile, ila rais hakuwamo. Marekani ni hivyo kila miaka minne: 2014 walijitokeza kama asilimia 36 tu ya wanaostahili, kidogo kuliko wakati wowote tangu Vita vya Pili vya Dunia, 2018 wakafika karibu nusu, na hiyo ikahesabiwa rekodi ya miaka mia. Kwa hiyo anayesahihisha ile ripoti fomu si darasa zima, ni wale waliokuja, na aliyekasirika huja mapema kuliko aliyeridhika. Ndiyo maana Truman alinyang'anywa mabaraza yote mawili 1946 akashinda urais 1948, Clinton akachapwa 1994 akarudi 1996, Obama vivyo hivyo 2012. Nilimpa Mwalimu majina hayo matatu kama mtego wangu mimi. Alikuna ndevu, akasema Truman alibahatika.

Mwaka huu hesabu ni nyembamba zaidi. Uchaguzi wa 2024 uliwapa Warepublikani 220 dhidi ya 215, yaani viti vitatu tu vikihama Spika amebadilika. Seneti ni 53 kwa 47, huko ni kazi: Wademokrati wanahitaji vinne, kwa sababu kura zikilingana makamu wa rais ndiye anayeamua. Na mipaka imechezewa katikati ya safari. Agosti 2025 wabunge wa Texas walichora upya maeneo yao kwa nia ya kukipatia chama cha Trump viti vitano zaidi. Novemba California wakajibu kwa kura ya maoni na ramani yao wenyewe. Kibarazani hili limewashangaza kuliko lolote. Sisi tunalalamikia IEBC, tume yetu ya uchaguzi, kwa kuchelewa kupitia mipaka; huko wanasiasa wenyewe ndio mara nyingi wanaoshika kalamu. Baharia ameshatabiri kwamba rais akipoteza viti vitatu itasemwa kaanguka, na akishikilia kwa ajili ya Texas itasemwa kapasi. Sikumpinga.

Nikitoa nyota: mahamri tano, mbaazi nne, ubao tatu, mjadala tano, choo moja. Jumatano tarehe 4 Novemba karai litawekwa motoni saa kumi kasoro, nimeulizia. Nafasi haziwekwi. Meza ya mbele, upande wa kulia, ina mguu mmoja unaocheza. Iacheni, au njooni na kipande cha kadibodi. Na supu, iliyoandikwa shilingi 150, msiiagize.